UZI: Nailoni ya kuzuia mvuke chini ya lamineti, kwenye sakafu yenye mabomba ya joto. Nimeng'oa mita 34, njooni tujadili

Kigae_Baridi (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa, shikamooni.

Nipo kaskazini mwa Ujerumani, jirani na Bremen. Nafungua uzi huu kwa sababu nilipohitaji maelezo ya jambo hili kwa Kiswahili sikupata hata mstari mmoja, na ya Kijerumani niliyasoma nikaelewa nusu. Ile nusu niliyoikosa imenitoa sakafu nzima ya sebule, mita za mraba 34, lamineti (zile mbao bandia za kupachika) ambayo haikumaliza hata mwaka.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulinunua nyumba ya zamani, tukabomoa sakafu ya chini, tukalaza mabomba ya maji moto, na fundi akamwaga juu yake Estrich, yaani lile tabaka la saruji na mchanga linalofunika mabomba. Letu lina unene wa sentimita 6.5. Ilipofika wiki ya tano juu palikuwa pakavu, peupe, unapita na soksi hakuna kinachoshika. Nikaenda dukani, nikamwambia muuzaji nataka kitu cha kutandika chini ya lamineti. Akanipa povu la milimita 5, upande mmoja linang'aa alumini. Akasema nene ndiyo nzuri, na ule mng'ao utalirudisha joto chumbani. Nikaamini. Nikatandika vipande ukingo kwa ukingo bila kuziba maungio kwa utepe, maana niliona alumini ipo, nailoni ya nini tena.

Baridi ilipoingia, sebule haikupita nyuzi 18. Pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayopasha maji ya mabomba, inanguruma usiku kucha. Mwezi wa pili vipande vikaanza kuinuka kwenye maungio, ukipitisha kiganja unahisi matuta. Mke wangu ndiye aliyesema kuna harufu. Nilipobandua skatingi (ule ubao wa chini ya ukuta) na safu ya kwanza, kila mahali vipande viwili vya povu vilipokutana palikuwa na mstari mweusi wa ukungu, umenyooka kama umepigwa rula. Nilikaa chini pale pale. Hapo ndipo mwanangu anapochezea magari yake kila siku.

Tangu hapo nimesoma na nimeuliza mafundi watatu. Nilipofika ni hapa: nailoni ndiyo kitu cha mwisho kuchagua, na ndiyo rahisi kuliko vyote. Kazi kubwa iko kwenye maji yaliyomo ndani ya saruji, kisha kwenye hesabu ya joto. Sisi wengi tunaanzia dukani, kwenye rafu ya nailoni.

Nianze na maji. Saruji hukaukia juu kwanza, chini bado mbichi. Mafundi wa huku wana kipimo chao cha kukadiria: sentimita 4 za kwanza, wiki moja kwa kila sentimita, zinazozidi hapo, wiki mbili kwa kila moja. Kwa sentimita zangu 6.5 hiyo ni wiki 4 na nyingine 5, jumla 9, na hapo ni kama madirisha yanafunguliwa na hewa inapita. Mimi nilitandika wiki ya tano. Halafu nikawasha joto. Maji yakiwa kwenye saruji ya nyuzi 20, shinikizo la mvuke wake likijaa kabisa ni kilopaskali 2.3 hivi, ukiipasha mpaka nyuzi 28 linafika 3.8. Kwa hiyo mabomba yale yale yanayotupa raha ndiyo yanayousukuma mvuke juu, na mvuke haubishi hodi, unapenya kwenye ufa wowote ulioachwa. Ufa wangu ulikuwa kila maungio ya povu. Moyo wa lamineti ni nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Ukinywa maji unavimba, na ukishavimba haurudi.

Sasa joto. Hapa ndipo niliposhikwa na hasira, kwa sababu ni hesabu ya darasa la sita ambayo hakuna aliyenifanyia. Kila tabaka lililo juu ya saruji lina ukinzani wake wa joto, unaandikwa R kwenye pakiti. Watengenezaji wa lamineti wanataka jumla ya vyote, lamineti na tandiko lake, isizidi 0.15. Lamineti ya milimita 8 inakula kama 0.06 au 0.07. Povu langu la milimita 5 peke yake lilikuwa karibu 0.15. Jumla 0.21 na zaidi. Nilikuwa nimeivalisha sakafu koti, halafu namlaumu fundi wa pampu.

Na tofauti hii inahesabika. Chukua sakafu inayotakiwa kutoa wati 50 kwa kila mita ya mraba. Ukiongeza ukinzani wa 0.14, unazidisha 50 mara 0.14, unapata nyuzi 7. Maji ya mabomba itabidi yawe na moto wa nyuzi 7 zaidi ili chumba kipate joto lile lile. Kwa pampu ya joto kila nyuzi moja ya ziada inakula umeme, wanakadiria asilimia 2 hadi 2.5. Piga mwenyewe hesabu ya miezi sita ya baridi.

Hiyo alumini ya kurudisha joto nayo niliulizia. Mng'ao unarudisha joto palipo na nafasi ya hewa mbele yake. Ukiubana kati ya povu na saruji, joto linapita kwa kugusana, na mng'ao hauna la kufanya. Alumini ni kizuizi kizuri sana cha mvuke, hilo ni kweli. Lakini nililipia kitu kingine.

Nailoni yenyewe basi: ile ya kawaida, polithini ya milimita 0.2, yaani maikroni 200. Ukinzani wake wa joto ni mdogo mno, hata hauingii kwenye hesabu. Kitu cha kutazama kwenye lebo ni herufi SD, na iwe mita 75 au zaidi. Maana yake ni kwamba kipande hicho chembamba kinauzuia mvuke kama ambavyo hewa iliyotulia yenye unene wa mita 75 ingeuzuia. Bei yake kwa mita ni ndogo kuliko ya kitu chochote kingine kwenye kazi hii.

Swali langu kwa wanaojua: sebule nitaanza upya. Chumba cha pili fundi alimwaga Estrich ya jasi badala ya saruji. Je, vipimo ni vile vile? Na ninunue tandiko lenye nailoni yake tayari, au nitandike nailoni peke yake na tandiko peke yake?

Natanguliza shukrani.

---

MamaWawili_Malmo

Pole sana kaka. Nimesoma huo mstari mweusi nikausikia mwilini.

Mimi niko Uswidi na naomba niongezee kwa wenye joto la umeme, maana mpangilio unageuka na watu wanachanganya. Sisi tuna zile karatasi nyembamba za kupasha joto, zinatandikwa moja kwa moja chini ya lamineti, hazimo ndani ya saruji. Chini kabisa unaweka tandiko linalozuia joto lisishuke, hapo unene unatakiwa kabisa, kisha karatasi ya joto, kisha nailoni ya 0.2 JUU ya karatasi, ndipo lamineti. Nailoni ya juu inailinda karatasi ya umeme na maji yanayomwagika. Na kama saruji ya chini ina shaka ya unyevu, inahitaji kizuizi chake huko chini.

Kwa hiyo mtu akikwambia "weka tandiko nene kwenye sakafu ya joto", muulize kwanza ni joto gani. Kwa umeme wa aina hii amesema kweli. Kwa mabomba ndani ya saruji amekupoteza. Huenda hata huyo muuzaji wako alichanganya hapo.

---

Kigae_Baridi

Dada asante. Hilo sikulijua, na sasa naona lile povu liliandikwa linafaa kwa sakafu ya joto, na picha kwenye pakiti ilikuwa ya waya. Sikuiangalia.

---

FundiSakafu_Ruhr

Habari zenu wote. Nilisomea kazi hii huku Ujerumani miaka mitatu, na sasa natandika sakafu kila siku. Mwenye uzi umeeleza vizuri, nitajazia palipobaki.

Kwanza, kabla ya nailoni kuna kupasha joto kwa utaratibu. Kiwango cha Ulaya, EN 1264, kinataka Estrich ya saruji ikae siku 21 ndipo uwashe. Ya jasi siku 7 au kama mtengenezaji alivyoandika. Unawasha maji ya nyuzi 25 kwa siku tatu, kisha unapandisha mpaka joto la juu la mfumo wako na kukaa nalo siku nne. Huo ni wa kuujaribu mfumo tu. Baada yake unaendelea kupasha ili kukausha, siku nyingi zaidi, na madirisha unayafungua kabisa mara kadhaa kwa siku maji yatoke nje. Watu wengi wanafanya wa kwanza, wanapata karatasi yenye saini, wanadhani wamemaliza.

Pili, kipimo. Kiganja hakipimi, soksi haipimi, na vile vidude vya kugusisha juu vinakuonyesha palipo na shaka tu. Kipimo tunachokubali ni cha kabaidi. Ni kabaidi ile ile wanayotumia wachomeleaji kupata gesi. Unachimba Estrich mpaka chini, unachukua vipande vya sehemu ya chini, unavisaga, unavitia kwenye chupa ya chuma pamoja na kabaidi na kuifunga. Maji yaliyomo yanatoa gesi, saa ya shinikizo inakusomea. Saruji yenye mabomba isizidi asilimia 1.8, isiyo na mabomba 2.0. Jasi, jibu la swali lako: ni ndogo zaidi, 0.5, na yenye mabomba sisi tunashika 0.3. Jasi ikilowa inalegea, kwa hiyo usiifanyie haraka hata kidogo.

Mahali pa kuchimba pawe palishatiwa alama kabla ya kumwaga, pasipo na bomba. Kama hukuweka alama, ita mtu mwenye kamera ya joto akutafutie. Nimeona bomba limetobolewa kwa ajili ya kupima unyevu, na siku hiyo unyevu ulipatikana kweli.

Kabla ya kumwita mpimaji, jipimie hivi: joto likiwa juu, gandisha kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 sakafuni, ziba kingo zote nne kwa utepe, acha saa 24. Ukikuta matone au doa la giza chini yake, usipoteze hela ya mpimaji, endelea kupasha.

Tatu, swali la kuunganisha au kutenganisha. Maoni yangu: tenganisha. Nailoni ya 0.2 moja kwa moja juu ya Estrich iliyofagiliwa vizuri, vipande vipandane sentimita 20, utepe juu ya kila maungio, na ukutani ipande sentimita chache kisha uikate ukishafunga skatingi. Juu yake tandiko jembamba zito, milimita 1.5 hadi 2, lile la poliyurethini lililochanganywa na madini. Hilo R yake ni kama 0.01. Linapitisha joto, linabeba uzito, na vishikio vya lamineti havichezi. Ukinunua lililounganishwa na nailoni yake, ni sawa, ila lazima uzibe kila maungio, na usiweke nailoni nyingine chini yake. Zikiwa mbili zinateleza juu ya nyingine, na tone lolote linaloingia katikati halina pa kutokea.

Na yenye alumini, kabla hujailaza juu ya saruji hakikisha ina ngozi ya plastiki upande wa chini. Saruji yenye unyevu ina magadi, na magadi yanaila alumini.

---

Ngazi_ya_Tatu

Mimi natofautiana nanyi kidogo. Nipo Uholanzi, ghorofa ya tatu, mabomba kwenye sakafu, lamineti mwaka wa nne sasa. Sikuweka nailoni yoyote, nimeweka tandiko tu. Hakuna kilichoinuka. Chini yangu kuna jirani anapasha joto, unyevu utatoka wapi? Nailoni ni ya walio juu ya udongo.

---

FundiSakafu_Ruhr

Mkuu, nyumba yako ina umri gani? Kama Estrich yako ina miaka kumi na imepashwa joto kila msimu wa baridi, imekauka, na nakuamini kwamba hujaona shida. Lakini unyevu anaouzungumzia mwenye uzi haukutoka ardhini. Ulimwagwa na fundi kwenye ndoo siku ya kumwaga saruji. Nyumba mpya ghorofa ya kumi ina maji hayo hayo. Ndiyo maana maelezo ndani ya boksi la lamineti yanasema juu ya sakafu yoyote ya saruji au jasi weka kizuizi, hayaulizi ghorofa. Na siku ukidai dhamana, kitu cha kwanza wanachotaka kuona ni nailoni.

Pasipo na nailoni ni juu ya sakafu ya mbao. Hapo ukiifunika kwa polithini unaifungia mbao ya chini unyevu wake, inaoza taratibu bila wewe kuona.

---

Ngazi_ya_Tatu

Nyumba ni ya mwaka 1998. Nimekuelewa, asante mkuu.

---

Mkaazi_wa_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Huku joto tunalo la bure hatuhitaji mabomba, lakini nina swali lenye uhusiano. Tukijenga, kabla ya kumwaga jamvi la zege tunatandika nailoni nyeusi, geji 1000. Hiyo si ndiyo hii mnayoizungumza? Nataka kuweka lamineti chumba cha chini, nyumba iko karibu na bahari, na ukuta mmoja unatoa chumvi.

---

FundiSakafu_Ruhr

Ni ndugu zake, kazi tofauti. Geji 1000 ni maikroni 250, inakaa chini ya jamvi kuuzuia unyevu wa udongo usipande kwenye nyumba. Hii yetu inakaa juu na inakinga lamineti tu. Ya juu haiwezi kufanya kazi ya ile ya chini. Ukuta ukitoa chumvi maana yake maji yanapanda hata sasa, huenda nailoni ya chini ilitoboka kwa kokoto wakati wa kumwaga au haikupandishwa mpaka kwenye ukuta. Ukitandika polithini juu ya hapo, unyevu utahamia pembeni na kutokea kwenye kuta. Kwa chumba hicho, kaka yangu, weka vigae. Nasema hivyo nami ninakula kwa kutandika lamineti.

---

MamaWawili_Malmo

Fundi, na zulia? Sisi wanawake tumepewa mazulia na mama zetu, hatuwezi kuyaacha kwenye sanduku.

---

FundiSakafu_Ruhr

Dada, zulia zito juu ya sakafu ya joto ni ukinzani mwingine, ongeza kwenye hesabu. Chini yake joto linajikusanya, na lamineti haitaki uso wake upite nyuzi 27 au 28. Zulia jembamba lisilo na mpira mgongoni, sawa. Kabati la nguo lisilo na miguu, lililokaa chini kabisa, ni baya kuliko zulia.

---

Kigae_Baridi

Wadau, narudi baada ya wiki saba na mrejesho.

Nilikusanya povu lote nikalitupa. Lamineti nilijaribu kuokoa, nikapata vipande vya kutosha stoo tu. Ukungu niliusafisha, nikapasha sakafu wiki tatu mfululizo, madirisha natupa wazi asubuhi, mchana na jioni, na huku nje ni nyuzi 6. Mke wangu na mtoto walilala kwa shemeji yangu. Nailoni ya sentimita 50 siku ya kwanza ilikuwa na matone. Wiki ya pili doa la giza. Wiki ya tatu kavu.

Mpimaji alikuja na chupa yake ya kabaidi. Alama za kuchimba hatukuwa nazo, ikabidi alete kamera, tukaona mabomba yanang'aa kama mistari ya kiganja. Sebule, saruji: 1.6. Nilimwomba anionyeshe saa mara mbili. Chumba cha jasi: 0.4. Fundi alishasema 0.3, mpimaji naye akasema angesubiri, kwa hiyo nimesubiri na bado nasubiri. Mlango umefungwa, joto linaendelea.

Sebuleni nimezima joto mpaka sakafu ikabaki nyuzi 18, maboksi ya lamineti yamelala humo saa 48 bila kufunguliwa. Nailoni ya 0.2, SD mita 100. Vipande nimevipandanisha sentimita 20, nimeziba kwa utepe kila maungio nikiwa nimepiga magoti, na kila nilipofika mwisho wa ukuta nilirudi kukagua kwa tochi. Tandiko la milimita 1.5, R 0.01. Lamineti milimita 8, R 0.07. Jumla 0.08. Pembeni nimeacha milimita 10 pande zote, hata kuzunguka bomba la mlangoni. Siku tatu baadaye nimeanza kupandisha joto kidogo kidogo.

Jana usiku nje ilikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri. Sebule nyuzi 21, na maji yanaingia kwenye mabomba yakiwa nyuzi 31. Msimu uliopita yalikuwa 39, na bado tulikaa na masweta.

Mtoto amerudisha magari yake sakafuni. Chumba cha jasi kikifika 0.3 nitaweka picha hapa.